Njia ya Mbao Juu ya Nyasi

Kashojwa, katika makazi yetu ya wakimbizi, tunafagia uwanja mpaka udongo ung'ae. Nyasi zikiota mbele ya mlango, watu huuliza kama mwenye nyumba anaumwa au amesafiri. Kwetu nyasi ni maficho ya nyoka, tena ni mwaliko kwa mbuzi wa jirani, ambao wakishazimaliza huingia kwenye maharage. Kwa hiyo jirani yangu, mwanamke wa Kirundi tuliyepakana naye, aliponieleza kwamba mjini Mbarara kuna watu wanaoajiri wengine wawapandie nyasi, wazimwagilie, kisha wazikate zisikue, nilidhani ananitania. Hakuwa akinitania. Alikuwa ameifanya kazi hiyo msimu mzima, na sasa alitafuta mtu wa kusaidiana naye kwa sababu mgongo ulimsumbua.

Nilikwenda. Nililelewa katika mihogo na mpunga wa bonde la Ruzizi, na mikono yangu haikuwa migeni kwa udongo, lakini kupanda kitu kisicholiwa na mtu wala mnyama kulinichukua muda kuzoea. Nyasi wanazozipenda pale ni paspalamu, zenye majani mapana na mizizi inayotambaa. Unazichomeka kwa vishina, kimoja kimoja, na ukizitunza zinashikana kama mkeka. Nilijifunza pia kwamba mwenye bustani anaweza kukusamehe ukichelewa, anaweza kukusamehe hata ukivunja bomba lake la maji, lakini alama ya tairi haisamehi.

Alama za tairi ndizo zilizonikutanisha na bosi wa miti. Alikuwa Mnyankore wa makamo, mpole, mwenye lori la kreni lililochoka na misumeno ya petroli. Alikata miti iliyozeeka au iliyoegemea nyumba za watu. Kazi ya juu, ya matawi na kamba, aliijua vizuri. Chini ndiko alikoharibu. Lori lake liliingia katika ua wa mtu kama fahali aliyekata kamba, na lilipotoka liliacha mifereji miwili yenye matope kutoka geti hadi kwenye kisiki. Wateja walilalamika. Akaanza kunichukua nifike baada yake, nijaze, nisawazishe, nipande upya. Kwa muda mrefu sikuona mti wowote ukikatwa, maana kila nilipofika ulikuwa umeshakuwa kuni.

Kazi ya Ruti, mtaa wa pembeni mwa Mbarara, ilikuwa ya kwanza bosi kuniita kabla ya lori kuingia. Alisema mteja huyu ametoa sharti ambalo yeye halielewi, na kwamba afadhali nije nimsikilize mwenyewe.

Nyumba ilikuwa juu kidogo ya barabara ya Kabale. Mwenye nyumba, mwanamke mstaafu aliyekuwa mkunga, alitupokea getini akiwa amesimama wima, mikono nyuma. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mkaratusi mkubwa uliopandwa siku za ujenzi. Upepo wa mvua ulikuwa umeupasua katikati, na nusu yake ilining'inia juu ya bati la chumba cha kulala. Upande mmoja kulikuwa na ukuta wa jirani, upande wa pili tangi la choo chini ya ardhi. Njia pekee ya lori kuufikia mti ilikuwa katikati ya nyasi, na zilikuwa nyasi nzuri kuliko zote nilizopata kuziona, sawa na kitanda kilichotandikwa.

Alisema kwamba kama tutazichimba kwa tairi, basi heri mti ubaki na uangukie nyumba. Bosi alinitazama. Nadhani sote tulifikiri jambo lile lile, kwamba huyu ni mtu mwenye mali anayependa ua wake kuliko akili. Nadhani yeye naye aliona tunavyofikiri, kwa sababu alituita barazani.

Mumewe alikuwa ameketi pale kwenye kiti cha plastiki chenye mto. Mzee mrefu, mwembamba, mguu wa kushoto umelala pembeni kama si wake. Kiharusi, mkewe akasema. Tangu alipotoka hospitali hakuwa ametamka neno lenye maana. Lakini kila asubuhi, umande ukikauka, mkewe alimvua viatu akamtembeza juu ya nyasi, yeye akimshika mkanda wa suruali kwa nyuma. Kwenye saruji alikuwa ameanguka na kupasuka kichwa. Kwenye nyasi alianguka, akapumzika, akainuka. Mguu wake uliburuta, na shimo lenye kina cha kidole tu lingemtega. "Hii si bustani," alisema kwa Kinyankore, polepole ili mimi nielewe, kwa kuwa Kinyankore changu ni cha sokoni. "Hii ni hospitali yake."

Baada ya hapo hakuna aliyemdhania vibaya tena. Tulishuka uani kupima. Dereva wa bosi alikuwa amejifunza Kiswahili katika safari zake za mpakani Bunagana, na mimi naye tulizungumza Kiswahili siku zote, yeye chake cha madereva, mimi changu cha Kongo. Nikawa namuuliza lori litapita fasi gani na litageukia wapi, naye ananijibu kwamba udongo ni laini mno na gari ni zito.

Nyuma yetu mtu akasema, "Toa pumzi."

Ilikuwa sauti nzito, yenye kukwaruza. Tuligeuka. Mzee alikuwa amejivuta mbele ya kiti. "Toa pumzi," akarudia.

Mkewe hakuelewa neno, ila alielewa kwamba ni neno. Alinishika mkono akauliza amesema nini. Nikamwambia, nadhani anasema hawezi kupumua. Alimkimbilia, akamfungua vifungo vya shati, akamwekea vidole shingoni kutafuta mapigo. Mzee akamsukuma kwa mkono ule mzima, kwa hasira, akaunyosha kuelekea getini, mahali lori lilipokuwa limesimama. "Tairi," akasema. "Toa pumzi ya tairi."

Dereva ndiye aliyeng'amua kwanza. Upepo. Alitaka tupunguze upepo wa tairi ili zitanuke chini na zisizame. Neno alilokuwa akilitafuta lilikuwa upepo, na lililokuja lilikuwa jirani yake. Dereva akamwambia, "Ndiyo mzee, tutapunguza," na mzee akaegemea kiti kama mtu aliyemaliza kubeba kitu kizito.

Mkewe aliketi kwenye ngazi ya baraza. Hakulia. Akitazama uani, akaanza kueleza, bila kumwelekea yeyote kati yetu. Mumewe alikuwa dereva wa jeshi kwa miaka mingi, wa magari makubwa. Huko alizungumza Kiswahili kutwa. Nyumbani hakuwahi. Yeye ndiye aliyemkataza, tangu walipooana. Alipokuwa msichana, watu wenye bunduki waliingia kwao wakipiga kelele kwa Kiswahili, wakaondoka na ng'ombe na kaka yake, na ni ng'ombe wachache tu waliorudi. Alimwambia mumewe kwamba lugha hiyo aivue getini pamoja na buti. Naye akaivua. Tangu ugonjwa umpate, amemsemesha Kinyankore, amemsemesha Kiingereza, amemwimbia nyimbo za kanisani, na hakupata kitu.

"Kumbe alikuwa upande mwingine," alisema.

Bosi alikohoa, akauliza kuhusu umeme wa kuchomeka taa za kazi, ambao hatukuuhitaji.

Mvua ilituchelewesha. Bosi alitaka tuanze kesho yake, na wateja wengine walimpigia, lakini kuingiza lori katika udongo ule ni sawa na kuliingiza katika uji. Tulisubiri mpaka nikikanyaga kwa kisigino maji yasipande. Wakati huo tulikusanya vifaa. Kwenye kiwanda cha mbao tulichukua mabanzi, zile mbao za pembeni zenye maganda ambazo kwa kawaida huishia jikoni, na bosi akanunua plaiwudi nene. Mabanzi tuliyalaza kwa kukatiza njia, maganda yakiangalia juu, na plaiwudi juu yake, kutoka getini hadi mtini, njia moja tu ya kuingilia na kutokea. Nilikataza mtu yeyote asipitishe burueti, yaani toroli, wala ngazi nje ya njia hiyo. Nilipokuwa mtoto, nilikuwa nimeona malori ya mihogo yakipitishwa kwenye matope kwa magogo namna hiyo, ingawa wakati ule kilichookolewa kilikuwa lori, si barabara.

Mahali miguu ya kreni ingekanyaga tuliweka mbao nene zilizopandana. Chini ya mti, mahali vipande vingeshukia, tulitandika matairi yaliyoisha, na juu yake matawi ya kwanza kukatwa, mabichi na yenye majani, kitanda kinene cha kupokea. Hakuna kipande kilichoangushwa. Vyote vilifungwa kamba, vikakatwa, vikateremshwa.

Dereva alipunguza upepo, lakini si kwa kiasi alichokitaka mzee. Aliogopa tairi ing'oke kwenye rimu. Waliligombania jambo hilo kwa muda, mmoja amechuchumaa kwenye valvu na mwingine kwenye kiti cha plastiki, na maneno ya mzee yalikuwa machache na mengine hayakuwa mahali pake. Alisema "bado" alipotaka kusema "tena," na mara moja alisema "kuku," hata leo sijui alimaanisha nini. Wakakubaliana katikati. Mkewe alisimama nyuma ya kiti, macho yake yakihama kwa huyu na kwa yule kama mtu anayeangalia mpira.

Kukata kulikwenda vizuri. Nusu iliyoning'inia juu ya bati ilitoka bila kugusa bati. Nusu iliyobaki iliteremshwa pande kwa pande, magogo yakapakiwa, na harufu ya mkaratusi ikajaa ua mzima mpaka macho yakawasha. Kufikia alasiri kilibaki kisiki, na bosi alikuwa ameanza kupiga mluzi.

Lori lilipokuwa likitoka na mzigo, kwenye kona karibu na bomba la maji, plaiwudi moja iliteleza. Vumbi la msumeno lilikuwa limeingia kati yake na mabanzi, na hatukulifagia. Tairi ya nyuma ilishuka pembeni ikakaa kwenye nyasi. Dereva alifanya kile ambacho kila dereva hufanya. Alikanyaga mafuta.

"Zima," mzee akasema. Halafu kwa sauti ambayo haikuwa ya mgonjwa: "Zima gari."

Dereva alizima. Nadhani mtu yeyote angezima. Katika ule muda mfupi wa mafuta, tairi ilikuwa imeshachimba mfereji wenye urefu wa kitanda na kina cha kiganja. Angeendelea, angefika kwenye bomba. Ilibidi tushushe magogo yote, tuyaviringishe juu ya matawi, tuchimbe kidogo mbele ya tairi na kuchomeka banzi, ndipo lori likapanda tena njiani, tupu na taratibu. Bosi alitukana kwa lugha yake, kwa sauti ya chini. Mke wa mzee alikwenda akasimama juu ya mfereji, akautazama, akarudi barazani.

Nilibaki kuutengeneza wakati wenzangu wakipakia upya. Watu wengi hudhani mfereji wa tairi unajazwa tu udongo. Ukifanya hivyo nyasi za chini hufa na mahali hapo hubaki pagumu kama sakafu. Nilikata mkeka wa nyasi pembeni, nikaukunja nyuma kama kifuniko, nikautekenya udongo wa chini kwa uma wa bustani mpaka ukapumua, nikaongeza udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga, nikaurudisha mkeka na kuukanyaga kwa miguu mitupu. Nilikuwa bado nimepiga magoti pale mama yule alipokuja na kikombe cha chai akaketi kwenye nyasi karibu yangu, jambo ambalo sikulitarajia.

Aliniomba nimfundishe maneno. Nikaanza na yale niliyodhani ni ya lazima: kula, kulala, maji, dawa, unaumwa wapi. Akatikisa kichwa. Alisema hayo wanayamaliza kwa mikono. Alitaka jambo moja tu, ajue kuuliza kama mumewe ana hasira naye.

Nikamwambia maneno manne. Aliyarudia akitazama kikombe, mara nyingi, kama anayejaribu ufunguo. Kisha akainuka, akavuka ua kwa njia ya mbao ambayo bado hatukuwa tumeiondoa, akasimama mbele ya kiti.

"Una hasira na mimi?"

Mimi nikainama nikajishughulisha na udongo. Nilisikia mzee akisema, "Hapana." Kisha akaongeza, "Nimechoka na uji."

Mama alinigeukia kwa sababu neno la mwisho tu ndilo alilolielewa. Nilipomtafsiria, alifunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yake yakatikisika, na kwa umbali ule sikuweza kujua kama alikuwa akicheka. Jioni ile walikula matoke. Nilijua kwa sababu alinifungia mengine kwenye jani la mgomba niondoke nayo.

Nyasi zilizoguswa zinahitaji kuangaliwa, kwa hiyo nilirudi Ruti kila wiki kwa muda. Nikimaliza kumwagilia, tuliketi barazani sisi watatu na mama alijifunza. Alikuwa na kichwa chepesi kwa umri wake, na hakuona haya kukosea. Shida ni kwamba alijifunza kwangu. Siku moja alimwambia mumewe kwamba viatu vyake viko fasi ya kitanda, na mzee akakunja uso. "Si fasi," akasema. "Mahali." Tangu hapo kila nilichomfundisha kilipitishwa kwa mzee kwanza, akikikubali kinakaa, akikikataa tunakitoa. "Mingi" badala ya "nyingi" aliikataa. "Banakuja," ambayo kwetu ndiyo "wanakuja," aliikataa kwa dharau kabisa. Lakini alizidi kusema, na kila neno alilonikosoa lilikuwa neno alilolipata mwenyewe. Nilijifanya kukosea mara nyingine ambapo sikuhitaji.

Matawi ya ule mkaratusi, yale yaliyokuwa kitanda cha kupokea magogo, mama alinipa mimi. Bosi alikuwa na kazi upande wa Isingiro, akazunguka mpaka Kashojwa akayamwaga mbele ya nyumba yangu. Kuni kwetu ni jambo la safari ndefu na ugomvi na wenyeji, kwa hiyo siku hiyo uwanja wangu ulijaa watu. Jirani yangu Mrundi alichukua fungu lake akaniuliza nimemfanyia nini huyo tajiri. Nikamwambia nilimfundisha Kiswahili. Hakuniamini.

Kinyankore cha mzee kilirudi pia, mwisho mwisho, na kilirudi kupitia ng'ombe. Mama alinisimulia kwamba walikuwa wakitazama ng'ombe wa mtu wakipitishwa nje ya geti, na mzee akataja rangi ya mmoja wao, rangi yenye jina lake maalumu katika lugha yao, na baadaye rangi ya mwingine. Tangu hapo lugha mbili zilichanganyikana kinywani mwake, halafu ya nyumbani ikaanza kuizidi ya jeshi. Nilipokwenda baadaye niliwakuta wakizungumza kwa namna ambayo mimi ndiye niliyehitaji kutafsiriwa. Nyasi zilikuwa zimeshikana. Palibaki bonde dogo kwenye kona ambalo ningeweza kulinyanyua kwa udongo kidogo, lakini mzee alikuwa ameshalizoea, alilikanyaga kwa kisigino akapita, na mama akaniambia niliache.

Nyumbani, jambo lile lilinisumbua zaidi ya nilivyoonyesha. Watoto wangu wanacheza kwa Kinyankore, shuleni wanasoma kwa Kiingereza, na mimi nawasemesha Kiswahili. Kifuliiru, lugha ya kwetu bondeni, anakisema mama yangu peke yake. Jioni moja nikimenya mihogo nilimwomba awe anawasemesha watoto Kifuliiru tu. Alinijibu kwamba siku zote amefanya hivyo, na kwamba sisi ndio tunaomjibu kwa Kiswahili. Nimejaribu kubadilika tangu hapo. Siku nyingine nafaulu, siku nyingine nachoka.

Bosi sasa hatembei bila mbao zake. Amezipaka rangi zisiibiwe, na fagio la vumbi la msumeno limefungwa kwa waya nyuma ya lori. Ananiita kabla ya kazi, si baada, ingawa kazi ya baada ndiyo iliyokuwa na mapato zaidi kwangu, na nilimwambia hivyo, akaniongeza.

Msimu uliofuata mama wa Ruti alinipigia simu. Aliongea Kiswahili, cha mumewe, si changu. Alisema wamekwenda Isingiro kwa shemeji yake kuangalia ng'ombe, na mzee ametembea malishoni kwa fimbo, kwenye ardhi ya vichuguu na kwato, bila kushikwa mkanda. Alianguka mara moja. Ng'ombe walisogea wakamnusa, akawafukuza kwa maneno ambayo mama alisema hatayarudia kwenye simu, kisha akatafuta fimbo yake kwenye nyasi, akainuka.